Sinia la Bi Tufool

KWA IDHINI YA SHERIA, na kwa uzito wote unaostahiki, inatangazwa kwa Bibi Khole binti Nasr, mkaazi wa Ibra, kwamba mdai, Bibi Tufool binti Hamdun, ambaye subira yake imefika ukingoni, anataka arejeshewe mali yake ya thamani isiyokadirika katika muda wa siku kumi na nne tangu kupokewa kwa waraka huu. Na kwamba muda huo ukipita, nyumba ya mdaiwa na vyote vilivyomo, vyenye uhai na visivyo na uhai, vitapigwa tanji na kunadiwa kulipia deni.

Mali hiyo ya thamani isiyokadirika ilikuwa sinia.

Sinia moja la bati, limebonyea upande mmoja, lililovuka kichochoro miaka kumi na tisa iliyopita likiwa limebeba biriani ya harusi, na tangu hapo halikurudi. Na hiyo idhini ya sheria ilikuwa ni ya Yazeed, wakili mwanagenzi wa miaka ishirini na tatu, mjukuu wa Bi Tufool, aliyeuandika waraka wote akiwa amelala chali kitandani, pakiti ya chipsi juu ya tumbo.

Yafaa ijulikane kwamba Yazeed hakuwa mtu mbaya. Alipelekwa skuli ya bweni Maskati akiwa na miaka kumi na moja ili afundishwe adabu, na huko alijifunza mambo mengi ya maana, kama vile kupiga pasi kanzu kwa kitako cha birika la moto, na kuiga saini ya msimamizi wa bweni vizuri kuliko msimamizi mwenyewe. Alipomaliza alitoka na cheti na muhuri. Cheti alipewa.

Sasa alikuwa katika mafunzo ya vitendo ya mawakili wanagenzi, miezi miwili mjini Nizwa: namna ya kumpokea mteja, namna ya kuandika notisi, namna ya kusimama mbele ya hakimu bila ya kuchezea kilemba. Mwalimu wao alikuwa Ustadha Manar, mwanamke mwembamba ambaye mama yake alikuwa wa Pemba, na ambaye hakuwahi kusikiwa akipaza sauti. Hakuhitaji. Siku ya somo la notisi aliwataka kila mmoja aandike moja. Firas, aliyelala bweni moja na Yazeed tangu utotoni, aliandika juu ya kodi ya duka. Mwengine aliandika juu ya gari. Yazeed naye aliandika juu ya gari, akapata alama nzuri, kisha usiku akaandika ya pili kwa ajili ya kujifurahisha nafsi yake. Akaipiga chapa, akaigongea muhuri wake wa bweni kwa wino uliotapakaa makusudi, na Alkhamisi aliporudi Ibra kwa mapumziko akaisukuma chini ya mlango wa Bi Khole, jirani wa ng'ambo ya kichochoro.

Mpango ulikuwa mzuri. Ijumaa alasiri Bi Khole angekuja kwa Bi Tufool kunywa kahawa, kama anavyokuja kila siku ya Mungu, angepepea waraka, wangecheka wote mpaka machozi, na Yazeed angeinama mbele yao kama mtu anayepokea nishani.

Lakini Ijumaa asubuhi Firas alipata gari ya kurudi Nizwa mapema, wakaondoka pamoja. Wiki iliyofuata kulikuwa na mazoezi ya mahkama. Yazeed akausahau waraka kabisa.

*

Siku ya mwisho ya mafunzo, mtihani ulifanywa Ibra, katika ukumbi wa mikutano uliopangwa meza tatu. Hapakuwa na kuigiza tena. Walikaribishwa watu wa kweli, wenye mambo ya kweli, kuja kupewa ushauri bila ya malipo. Kila mwanagenzi mteja mmoja, dakika ishirini na tano, na mwenziwe pembeni akijaza fomu. Ustadha Manar alikuwa akizunguka meza hadi meza na ubao wake wa alama. Anayefaulu, jina lake linapelekwa kuapishwa. Anayeanguka, anangoja nusu mwaka.

Yazeed alikuwa ameshaanguka mara moja. Alimfanya mteja acheke sana hata akasahau alichokuja kudai. Ofisi iliyomchukua ilimwambia kwa upole kwamba mara ya pili wasingemngoja. Kwa hiyo asubuhi ile alifunga kilemba mara nne, na akawa na uso wa mtu aliyekwenda kuzika.

"Leo usifanye upuuzi," alinong'ona Firas, ambaye alikwisha kumaliza na mteja wake, mzee wa Al Mintirib ambaye ngamia wake aligongwa na gari ya watalii. "Mzee wangu alitaka nimdaie ngamia fidia ya machungu. Nikajizuia. Nimejizuia mpaka mbavu zinauma."

"Mimi ni jiwe," alisema Yazeed. "Nitazame. Jiwe."

Mlango ukafunguliwa, na jiwe likaingiwa na ufa.

Bi Khole aliingia taratibu, amevaa buibui lake la kutokea, na mikononi amekumbatia kitu cha mviringo kilichofungwa ndani ya kanga. Mjukuu wake aliyemleta alibaki garini. Msichana wa mapokezi alimwonyesha meza ya Yazeed, kwa sababu ndiyo meza ya pekee yenye mtu wa kuandika Kiswahili.

"Shikamoo, Bi Khole."

"Marahaba." Hakuongeza neno. Kila siku husema marahaba mwanangu, marahaba bwana mdogo, marahaba wewe mtundu uliyenivunjia chungu. Leo marahaba tupu. Akakaa, akakiweka kile kitu juu ya meza, na kikatoa mlio wa bati. "Kumbe ni wewe. Wamenambia nitapewa kijana ajuaye Kiswahili. Hawakunambia kijana wa nyumba ya Tufool."

"Bi Khole, kama unataka mwengine..."

"La. Vizuri sana. Andika wewe, kisha ukampelekee bibi yako kwa mkono wako. Hapo hatosema hakupata."

Akafungua mkoba, akatoa bahasha, na ndani ya bahasha akatoa waraka uliokunjwa mara nane. Aliukunjua kidogo kidogo, kama mtu anayefungua kidonda. Yazeed aliyaona maneno KWA IDHINI YA SHERIA, na chini yake alama ya duara ya wino wa buluu uliotapakaa. Firas naye akaiona ile duara. Yeye Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chai, lakini muhuri ule alilala nao bweni moja miaka saba. Chini ya meza akampiga Yazeed teke moja la haja.

Yazeed akauvuta waraka, akaufunika kwa kiganja. Ustadha Manar alikuwa meza ya mwisho, amewapa mgongo.

Wakati wa kusema ulikuwa huu. Dakika moja, sauti ya chini, wasingejua watu wengine. Akainama mbele.

"Bi Khole, sikiliza. Huenda hii ikawa mzaha wa mtu."

"Mzaha?" Bi Khole alimtazama kama aliyemwambia kitu cha aibu. "Nani anafanya mzaha wa sinia?"

"Ni sinia tu, bibi."

"Ni sinia tu." Aliyarudia maneno hayo taratibu. "Lo. Walikufundisha nini huko bweni? Mlikuwa mkila katika nini?"

"Sahani, bibi. Za chuma. Zina vyumba."

"Basi ndiyo maana." Akaifungua kanga, akaligeuza sinia chini juu. Kwenye kitako palikuwa na alama ya rangi nyekundu ya kucha, herufi ta ya Kiarabu iliyochorwa kwa brashi ndogo, imechakaa lakini bado inasomeka. "Hii alama ya Tufool. Nyumbani nna masinia kumi na moja, na langu kati ya hayo ni moja. Mengine ni ya watu. Na yangu mimi yako kwa watu. Sinia linakwenda na biriani, likirudi linarudi na halwa, lisiporudi ndiyo bado tunakula pamoja. Halidaiwi, Yazeed. Mtaani kwetu sijapata kusikia mtu amelidai sinia lake ila mara moja, na nyumba mbili zile mpaka leo hazizikani. Ukisema nirejeshee sinia langu, umesema sitotia tena mkono wangu panapotiwa wako."

Yazeed alihisi kilemba kimembana. Miaka yote aliyaona masinia yakivuka kichochoro, hakuwahi kuuliza. Alichagua sinia kwa sababu ndicho kitu kidogo zaidi, cha kipuuzi zaidi, alichoweza kukifikiria.

"Angekuja akanambia usoni," aliendelea Bi Khole. "Kaniletea karatasi. Na muhuri. Mimi karatasi yenye muhuri naijua. Ilikuja moja nyumbani kwetu Vuga, Unguja, mimi mdogo, baba kaishika hivi hivi. Walimpa siku kumi na nne. Siku ya saba tulikuwa njiani na mabegi. Mama alikuwa ameacha chungu motoni." Akaupapasa ukingo wa sinia. "Tufool alikuwa jirani yetu. Anaijua hadithi hiyo. Ndiyo maana nimeumia."

Firas aliandika kitu kwenye fomu, akakikata, akaandika tena. Hakuelewa nusu ya maneno, lakini uso wa bibi ulitosha.

"Sasa unataka nini, Bi Khole?" aliuliza Yazeed. Lilikuwa swali la wazi, lisilomwongoza mteja, kama walivyofundishwa.

"Leo siku ya kumi na nne. Andika hivi: sinia lako hili hapa, chukua. Na kuanzia leo, yeye kwangu na mimi kwake, si harusini si matangani. Gonga muhuri wenu, wa kweli kama wake. Jumamosi nahamia Sur kwa mwanangu Hiba. Sitokaa nikawangoja watu wa tanji wanikute na mabegi kwa mara ya pili."

"Utaondoka Ibra?"

"Nishafunga vyombo."

Yazeed alitaka kusema. Mdomo aliufungua kabisa. Na hapo hapo kivuli kikaangukia meza, na sauti isiyopanda ikasema:

"Tunaendeleaje?"

Ustadha Manar alivuta kiti, akakaa, akaweka ubao wa alama juu ya goti. Alimwamkia Bi Khole kwa heshima zote, akaitikiwa, kisha akamgeukia Yazeed na kungoja.

Dakika kumi na nne zilikuwa zimebaki. Mbele ya Firas fomu ilikuwa imejazwa mpaka mstari wa sita. Mstari wa saba uliuliza: Je, wakili ana uhusiano wowote na upande wa pili? Na Yazeed, ambaye katika maisha yake hakuna mlango uliofungwa asipate dirisha, akaliona dirisha.

"Ustadha," alisema, akajinyoosha, "nasikitika siwezi kuendelea. Upande wa pili katika jambo hili ni bibi yangu mzaa mama. Kuna mgongano wa maslahi. Najitoa."

Ustadha Manar alinyanyua nyusi. Kwa mara ya kwanza katika miezi miwili, alikaribia kutabasamu.

"Ahsante," alisema. "Wengi huanguka hapo hapo. Mtu anaona haya kumwambia mzee siwezi, basi anaendelea, na baadaye anaharibu kila kitu." Aliandika alama kwenye ubao wake. Kalamu ilikwenda kwa muda mrefu. Ilikuwa ni alama kubwa. "Bi Khole, usiwe na wasiwasi. Nitakuchukua mimi mwenyewe."

"Kwa hiyo barua itaandikwa?" aliuliza Bi Khole.

"Itaandikwa leo hii, ukitaka."

Yazeed alikuwa huru. Alikuwa amefaulu. Alichotakiwa ni kusimama, kuaga na kutoka. Ila kiganja chake kilikuwa bado juu ya waraka, na hakikutaka kunyanyuka. Alifikiri juu ya bibi yake. Siku zote hizo, kila alipompigia simu kutoka Nizwa, Bi Tufool alikuwa akimwambia kwamba kahawa imemchacha. Kwamba anatia vikombe viwili, akinywa kimoja na kumwaga kimoja. Kwamba Khole amemsusa na yeye hatouliza kwa nini. Yazeed alikuwa akimwambia, ah bibi, joto tu hilo, atakuja.

"Waraka," alisema Ustadha Manar, amenyoosha mkono.

"Nitautia ndani ya faili, Ustadha."

"Nipe mkononi."

Akampa.

Alisoma bila ya haraka. Alipofika kwenye vyenye uhai na visivyo na uhai, aliinua macho, akamtazama Bi Khole, akaona kwamba mdaiwa hakuliona la kuchekesha hapo, akarudi kusoma.

"Kiswahili," alisema.

Akaugeuza waraka, akatazama nyuma yake.

"Kiswahili kizuri. Ibra nzima nazijua ofisi zote za mawakili. Zote zinaandika Kiarabu. Ofisi gani hii?"

"Haikutajwa," alisema Bi Khole. "Mimi maneno niliyasoma kwa taabu, muhuri niliona duara tu. Macho yangu hayaoni karibu."

Ustadha Manar aliunyanyua waraka kuelekea dirishani, mwanga ukapita katikati ya ile duara. Akatazama kwa muda. Kisha, bila ya kugeuka:

"Firas. Muhuri huu unasema nini?"

"Sijui, Ustadha."

"Kiarabu hujui?"

"Najua kidogo."

"Wewe ni mtu wa Samad, Kiarabu ndiyo lugha yako. Soma."

Firas aliiweka kalamu. Alimtazama Yazeed, akamtazama Ustadha, akachagua upande wenye nguvu.

"Imefuliwa," alisoma. "Bweni la Tatu."

"Nini kilichofuliwa?"

"Mashuka, Ustadha."

Siku nyengine yoyote, Yazeed angejiviringisha chini kwa kicheko. Ndicho kichekesho alichokipanga, neno kwa neno, na kilikuwa kimekuja kikamilifu, mbele ya watazamaji. Hakuna aliyecheka. Bi Khole alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya sinia, akiwatazama mmoja mmoja.

"Mashuka?" alisema. "Mashuka gani?"

Ustadha Manar aliulaza waraka mezani, akaipapasa mikunjo yake kwa kidole. "Ulijitoa kwa mstari wa saba," alimwambia Yazeed. "Mstari wa saba una sehemu ya pili. Isome."

Yazeed aliijua kwa moyo. Akaisoma hata hivyo, kwa sababu kusoma kulimpa muda.

"Je, wakili amehusika kwa namna yoyote na jambo lenyewe?"

"Jibu."

Kulikuwa na njia. Kila mara huwapo njia. Angeweza kusema muhuri uliibiwa. Angeweza kusema kijana mwengine wa bweni. Firas asingemfichua, Firas hakuwahi kumfichua. Aliitafuta njia hiyo kwa mazoea tu, kama ulimi unavyolitafuta jino lililong'oka, na macho yake yakaangukia mikono ya Bi Khole. Kidole gumba kilikuwa kikiisugua ile herufi nyekundu, na bati lilikuwa likilia chini yake, kidogo sana, mfululizo.

"Nimehusika," alisema.

"Kwa namna gani?"

"Nimeuandika mimi. Wote. Nikaugonga muhuri wa mashuka, nikausukuma chini ya mlango. Nilidhani tutacheka." Alimgeukia Bi Khole, na ikawa taabu kumtazama. "Sikujua kwamba sinia halidaiwi. Habari za Vuga sikuzijua. Nisamehe, Bi Khole."

Bi Khole aliikusanya kanga mapajani. Meza ya pili mtu alikuwa akieleza mpaka wa shamba lake la mitende, na kila neno lake lilisikika.

"Tufool anajua?" aliuliza hatimaye.

"Hajui chochote."

"Hakulitaka sinia?"

"Hakumbuki hata kama lipo, bibi."

"Siku kumi na nne," alisema Bi Khole. "Kila alasiri nasikia mlango wake unafunguliwa. Nasikia anasogeza kiti. Mimi nimekaa kwangu kizani, nimezima taa ya ukumbi ili adhani sipo. Nimemsikia anakohoa. Nikasema, mwache akohoe." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Na wewe mtoto ulikuwa Nizwa ukijifunza uwakili."

Ustadha Manar aliichukua kalamu, akaifuata ile alama kubwa kwenye ubao, akaipiga mstari mmoja ulionyooka. Kisha akaifunika kalamu kifuniko.

"Mpigie," alisema Bi Khole.

"Nikifika nyumbani nitamweleza..."

"Hapa. Sasa. Na utoe sauti nje, niisikie mwenyewe."

Yazeed alimtazama Ustadha, kwani simu zilikatazwa ukumbini. Ustadha aliisogeza simu ya Yazeed mbele yake kwa kidole kimoja.

Ikalia mara mbili tu. Bibi yake alikuwa amekaa nayo mkononi.

"Yazeed! Umefaulu?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, marahaba. Umefaulu? Nimeshawasha udi. Nimewaambia watu."

"La, bibi. Sikufaulu."

"Ah, mwanangu. Si kitu. Rudi nyumbani ule."

"Bibi, nna jambo. Bi Khole yuko hapa mbele yangu."

Katika simu kikasikika kiti kikisogezwa. Kisha sauti ikarudi, baridi, ya mtu aliyejifunga kibwebwe. "Khole? Kafanya nini Khole?"

"Bi Khole hajafanya kitu. Ni mimi. Nilimwandikia barua kwa jina lako. Barua ya uongo, ya sheria, na muhuri. Nikamdai."

"Umemdai nini? Sema vizuri, sikusikii."

Yazeed alisogea karibu na simu. Bi Khole alikuwa ameliinua sinia, amelikumbatia kifuani.

"Sinia, bibi."

"Nini?"

Bi Tufool sikio lake moja halikuwa zima, na ukumbi ulikuwa na kelele. Hapakuwa na njia nyengine. Yazeed alivuta pumzi, akapaza sauti.

"Sinia! Nimemdai Bi Khole sinia kwa jina lako!"

Ukumbi mzima ukanyamaa. Mzee wa mitende akaacha neno katikati. Akina mama waliokaa ukutani wakingoja zamu wakageuza vichwa vyote pamoja, na mmoja akaweka mkono mdomoni.

"Ni mimi," alisema Yazeed tena, kwao wote, maana hakuna aliyebaki asiyemtazama. "Yeye hajui, na bibi yangu hajui. Ni mimi peke yangu."